Msimkate keshia mshahara kabla ya kuuchunguza mfumo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo maofisini halisemwi, na kwa kutosemwa kwake watu wanaumia. Kompyuta inaweza kujumlisha vibaya. Sizungumzii karani aliyebonyeza tarakimu isiyo yenyewe, wala mwandishi wa programu aliyekosea kanuni ya riba. Nazungumzia programu iliyoandikwa sawasawa, yenye taarifa sahihi ndani yake, ambayo saa tatu asubuhi inatoa jibu la kweli na saa kumi jioni, kwa taarifa zilezile, inatoa jibu la uongo.

Mimi ni mkazi wa Sinza. Kazi yangu ni kutengeneza na kukarabati programu za vyama vya akiba na mikopo, maduka ya jumla na zahanati. Miaka kadhaa nyuma niliitwa na chama kimoja cha akiba na mikopo, ambacho sitakitaja, chenye matawi katika jiji hili. Shida ilikuwa tawi la Kariakoo. Mara kwa mara jioni, wakati wa kufunga hesabu, mfumo ulionyesha makusanyo makubwa kuliko fedha zilizomo kwenye droo. Upungufu haukuwa mkubwa, leo 25,000, wiki ijayo 40,000. Keshia, dada aliyekaa dirisha lile tangu tawi lifunguliwe, alikuwa anakatwa mshahara kufidia, na barua ya kujieleza alikuwa ameshapewa.

Ushahidi dhidi yake ulionekana mzito. Kila tawi lilikuwa na kompyuta yake ya kuhesabia, kwa kuwa intaneti ya wakati ule haikuaminika, na programu ya Kariakoo ilikuwa ndiyo hiyohiyo ya Kigamboni na Tegeta. Kule hesabu zilifunga kila siku bila kelele. Meneja akasema programu ni moja, kilicho tofauti ni mtu. Halafu likaja la pili, baya zaidi. Jioni moja mfumo uliandika jumla ya 1,900,000 wakati droo ina 1,875,000. Kesho yake asubuhi ripoti ya siku ileile ilipofunguliwa tena ikasoma 1,875,000, sawa kabisa na droo. Wakasema dada huyu amepata namna ya kuingia kwenye mfumo usiku na kufuta risiti moja ili kujisafisha. Hakuna aliyechukua orodha ya risiti na kuijumlisha mstari kwa mstari.

Kilichomwokoa ni kaunta buku lake. Nililiomba nikakaa nalo. Kila risiti ilikuwa na namba, saa, jina la mwanachama na kiasi, kwa kalamu ya bluu, na jumla ya kila ukurasa kwa nyekundu. Pembeni alikuwa na mazoea ya kuandika mambo ambayo hakuna aliyemtuma kuyaandika: umeme umekatika saa saba na nusu, umerudi saa nane na robo, mvua kubwa, Jangwani hapapitiki, wateja wachache. Nilianza kuweka alama kwenye siku zenye upungufu na siku zisizo nao, na ukurasa baada ya ukurasa jambo lile lile likajitokeza. Siku ambazo umeme ulikatika mchana, hesabu ilifunga. Siku za mafuriko ya Jangwani, hesabu ilifunga. Upungufu ulitokea siku zenye msongamano ambazo kompyuta haikuzimika tangu asubuhi, na hata hizo si zote. Sijawahi kuona mwizi anayeacha kuiba kwa sababu umeme umekatika saa saba. Betri ya akiba ya kompyuta ile ilikuwa imekufa zamani, hivyo umeme ukikatika mashine ilizimika na kuanza upya.

Hapo ndipo nilipoanza kuishuku kompaila, na naomba wasomaji wanivumilie nieleze ni nini, maana jambo lote liko hapa.

Programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java, kama ilivyokuwa ile ya chama, haiendi moja kwa moja kwenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Katikati kuna injini, na kazi ya kwanza ya injini hiyo ni ukalimani: inasoma agizo, inalifasiri, linatekelezwa, inasoma linalofuata. Njia hiyo ni salama lakini ni ya polepole. Kwa hiyo injini inahesabu. Kipande cha programu kikiitwa mara nyingi vya kutosha, injini inakikabidhi kwa kompaila iliyomo ndani yake, nayo inakigeuza chote kuwa lugha ya prosesa papo hapo, programu ikiwa inaendelea kufanya kazi. Kwenye Java ya seva ya miaka ile kiwango cha kawaida kilikuwa kuitwa mara 10,000. Ni kama mkalimani wa mkutano ambaye, akishasikia sentensi ileile mara nyingi, anaiandika kwa ufupi kwenye karatasi ili asihangaike nayo tena. Akifupisha vizuri, mkutano unakwenda haraka. Akifupisha vibaya, atasoma kosa lilelile kila mara mpaka karatasi ile itupwe.

Na kompaila hufupisha kweli. Inaondoa ukaguzi inaoona hauna haja. Inakunjua mizunguko, yaani kazi iliyokuwa ifanywe kimoja kimoja inafanywa kwa mafungu, na yale mabaki yasiyotimia fungu inayashughulikia pembeni. Inabashiri yatakayokuja kwa kuangalia yaliyokwishapita. Kila mbinu ya hizo ina masharti, na mhandisi wa kompaila akisahau sharti moja, jibu linaharibika kwa baadhi ya orodha na linabaki sahihi kwa nyingine. Kitu cha kushika ni hiki: msimbo huo uliotengenezwa papo hapo hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Hauandikwi kwenye diski. Ukizima mashine, umepotea, na hesabu ya kuitwa inaanza sifuri.

Sasa rudi Kariakoo. Asubuhi injini inafasiri tu, jibu ni sahihi. Kipande cha kujumlisha kinaitwa kila skrini inapoonyesha salio, na tawi lile lenye foleni hadi barazani linafikisha kiwango mchana. Kompaila inaingia kazini, na kuanzia hapo orodha ya urefu fulani inahesabu risiti moja mara mbili. Kigamboni hawakuwahi kukifikia kiwango hicho ndani ya siku moja. Na ile ripoti ya asubuhi iliyodaiwa kuchezewa usiku ilikuwa jibu la kweli kutoka kwenye mashine iliyowashwa upya.

Kushuku ni jambo moja, kuthibitisha ni jingine. Nilinakili kanzidata, yaani hazina ya taarifa za chama, ya siku ile nikaenda nayo nyumbani, nikaweka Java ya toleo lilelile la ofisini, bila kuongeza wala kupunguza, maana ukisasisha kwanza umefuta nyayo. Jaribio lenyewe lilikuwa la mistari michache: chukua orodha ileile ya risiti, ijumlishe, linganisha na 1,875,000, rudia, rudia, na siku jibu likibadilika simama uniambie umefika mara ya ngapi. Nikaiwasha pamoja na amri ya -XX:+PrintCompilation, inayoifanya injini itangaze jina la kila kipande inapokipeleka kwa kompaila. Majina yakaanza kupanda kwenye skrini. Jibu likabaki 1,875,000 kwa maelfu ya marudio. Kisha likatokea jina la kipande cha kujumlisha, na mstari uliofuata ulikuwa wangu: 1,900,000. Tangu hapo halikurudi kwenye ukweli hata mara moja.

Nikaendesha jaribio lilelile kwa -Xint, amri inayoilazimisha injini ifasiri tu bila kompaila. Ilijikokota usiku kucha, na jibu likawa sahihi mwanzo hadi mwisho. Nikairudisha kompaila lakini nikaikataza kugusa kile kipande kimoja kwa amri ya CompileCommand na neno exclude. Sahihi tena, na safari hii kwa kasi. Huo ndio mnyororo wa ushahidi, na kijana yeyote anayeandika Java anaweza kuujenga mwenyewe. Pale ambapo jina la kipande halijulikani, unakataza nusu ya vipande, unaangalia, kisha nusu ya nusu iliyobaki, mpaka mtuhumiwa abaki peke yake.

Niongeze jambo moja linalowatesa wanaofanya kazi hii. Fundi wa ofisi ile alikuwa ameshajaribu kabla yangu. Aliongeza ndani ya mzunguko mstari wa kuandika kila risiti kwenye kumbukumbu za mfumo, na kosa likatoweka. Akaamini hakuna kosa. Ukweli ni kwamba mstari ule ulibadilisha umbo la mzunguko, na kompaila haikuukunjua tena kwa namna ileile. Ukiona hitilafu inakimbia kila unapoisogelea na taa, usiandike kwenye ripoti kwamba haipo.

Nilipotazama toleo la Java lililokuwa kwenye kompyuta ile nilikuta ni lile la kwanza kabisa la Java 7, halijasasishwa tangu lilipowekwa. Toleo hilo lilitoka tarehe 28 Julai 2011, na siku hiyohiyo watu wa mradi wa Apache Lucene, unaotengeneza programu ya kutafuta ndani ya maandishi, walitoa onyo kwa dunia nzima kwamba lisitumike. Walisema kompaila yake inaharibu baadhi ya mizunguko, programu nyingine zinaanguka, na nyingine zinatoa majibu ya uongo kimyakimya. Moja ya hitilafu hizo, namba 7044738, iliorodheshwa waziwazi kuwa ukunjuaji wa mizunguko unaotoa jibu lisilo sahihi. Kwa maelezo yao, zilikuwa zimegunduliwa siku tano tu kabla ya toleo kutoka, na Oracle, kampuni inayotoa Java, hawakuwa na muda wa kuzirekebisha. Marekebisho yalikuja kwenye sasisho la kwanza, Oktoba mwaka huohuo. Yaani dawa ilikuwepo, ya bure, na keshia wa Kariakoo akaendelea kukatwa mshahara kwa sababu hakuna aliyepewa jukumu la kuipakua. Nilipoweka sasisho, jaribio langu lilizunguka bila kukosea. Chama kilimrudishia makato yake. Yeye kazi alikuwa ameshaacha.

Wapo watakaosema hayo ni ya zamani. Julai 2015 Microsoft walitoa .NET 4.6, injini yao ya kuendeshea programu, yenye kompaila mpya iitwayo RyuJIT, na muda mfupi baadaye Nick Craver wa Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, akawaonya wenzake wasiiweke kwenye seva zao. Kipande kimoja cha programu kilikuwa kinakabidhi thamani moja kwa kipande kingine, na kinachopokelewa upande wa pili ni thamani tofauti. Hilo lilitokea pale tu uboreshaji wa kompaila, ule ufupishaji nilioueleza, ulipowashwa, yaani kwenye seva ya kazi halisi na si kwenye mashine ya mwandishi anayekagua msimbo wake polepole. Na kwenye simu zetu za Android, kivinjari cha Chrome kinatumia injini ya V8 ambayo nayo ina kompaila ya papo kwa papo. Mwaka 2021 timu ya Microsoft inayosimamia usalama wa kivinjari cha Edge ilieleza kuwa takriban asilimia 45 ya udhaifu uliosajiliwa kwenye V8 tangu 2019 ulihusiana na kompaila hiyo. Apple walipoleta hali ya ulinzi mkali kwenye iPhone mwaka 2022, moja ya mambo inayofanya ni kuizima kompaila ya papo kwa papo ya JavaScript, lugha ya programu zilizomo ndani ya kurasa za wavuti. Wahandisi wakubwa kiasi hicho wanapokubali simu iende polepole ili iwe salama, meneja wa tawi asiniambie mashine haikosei.

Hata hivyo nisiwape vijana wenzangu kichaka cha kujificha. Mara nyingi sana kompaila inaposhukiwa, haina kosa. Mfano unaojirudia: mwandishi ana uzi mmoja, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu, unaozunguka ukisubiri alama ibadilike, na uzi mwingine unaoibadilisha. Chini ya mkalimani programu inafanya kazi. Kompaila ikiingia, inaona ndani ya mzunguko hakuna kinachoigusa alama ile, inaisoma mara moja tu nje ya mzunguko, na programu inazunguka milele. Kanuni za kumbukumbu za Java, zilizoandikwa upya kwa Java 5 mwaka 2004, zinairuhusu kompaila kufanya hivyo kama mwandishi hakutangaza alama ile kuwa volatile, yaani ya kusomwa upya kila mara. Hapo mwenye kosa ni mwandishi, na -Xint itaficha kosa lake vilevile. Ndiyo maana nasisitiza jaribio dogo, la uzi mmoja, lisilo na mtandao wala kanzidata, lenye jibu moja tu linalokubalika. Kama hapo napo linapinda, twende kwenye orodha ya hitilafu za injini.

Kwa nini nakuandikia wewe, Mhariri, badala ya kuzungumza na mafundi wenzangu tu? Kwa sababu wanaoamua hatima ya keshia si mafundi. Uingereza wameonja matokeo yake. Mfumo wa Horizon uliotengenezwa na Fujitsu kwa ajili ya Post Office, shirika la posta la huko, ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo, na kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 waliokuwa wakiendesha vituo vya posta walitiwa hatiani. Hitilafu za Horizon hazikuwa za aina hii ninayoieleza, lakini sentensi iliyowaangamiza ni ileile niliyoisikia Kariakoo: mfumo uko sawa, wewe ndiye huko sawa. Mei 2024 Bunge lao lililazimika kupitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa mkupuo.

Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaruhusu mfumo wa kumbukumbu za kielektroniki udhaniwe kuwa wa kuaminika pale penye ushahidi kwamba wakati wote husika kompyuta ilikuwa ikifanya kazi ipasavyo, kama hakuna ushahidi wa kinyume. Nawaomba mawakili wanaowatetea makarani na makeshia wayasome maneno hayo kwa makini. Anayedai mfumo ulifanya kazi ipasavyo saa kumi jioni aonyeshe saa kumi jioni, asilete ripoti iliyochapwa asubuhi baada ya mashine kuwashwa upya. Aulizwe injini ya programu ni toleo gani, ilisasishwa lini, mashine iliwashwa saa ngapi siku ya tukio, na nani alijumlisha orodha yenyewe.

Kwa mafundi wa maofisini ombi langu ni fupi. Ukipigiwa simu kwamba hesabu hazifungi, usiseme zima uwashe. Ukizima umeunguza ushahidi wote. Kabla ya kugusa kitufe, andika toleo la Java na amri zote zilizoiwasha, andika mashine imekuwa hewani tangu saa ngapi, chapa ripoti yenye kosa, hifadhi nakala ya kanzidata na kumbukumbu za mfumo, chukua picha ya nyuzi kwa jstack, chombo kinachokuja na Java. Programu ikiwa imeanguka yenyewe, tafuta faili linaloanza na hs_err_pid. Ndani yake mara nyingi utakuta kompaila ilikuwa inashughulikia kipande gani wakati wa kuanguka. Hayo yote ni kazi ya dakika chache na hayahitaji fedha.

Tume ya Maendeleo ya Ushirika, inayosimamia vyama vya akiba na mikopo, naiomba itoe mwongozo kwamba upungufu unaotokana na ripoti ya mfumo usigeuzwe makato ya mshahara mpaka orodha ya miamala ijumlishwe nje ya mfumo huo, kwa karatasi au kwa kompyuta nyingine, na matokeo yasainiwe na pande zote mbili. Na walimu wa kompyuta, kwenye vyuo vya Kijitonyama na kwingineko, wawape wanafunzi hitilafu ya namna hii waisake wenyewe kabla hawajahitimu. Toleo lile la kwanza la Java 7 bado linapatikana kwenye hifadhi ya Oracle. Programu yangu ndogo ya jaribio bado ninayo pia, nimeondoa majina ya wanachama, na chuo chochote kitakachoihitaji kiandike kupitia ofisi yako nitakipa bila malipo.

Mtengeneza programu,
Sinza, Dar es Salaam